Uchambuzi: Kuulinda msitu usio wako, viongozi wa mikoko ya Gazi mbele ya sheria mpya za kaboni

Mwezi Mei mwaka 2024 uliwaletea kazi nyingi wanaoongoza mashirika ya kuhifadhi mazingira katika Pwani ya Kenya. Tarehe 14 ya mwezi huo, Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, iliyokuwa imesubiri tangu mwaka 2013, ilianza kutumika rasmi na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1990 iliyosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali. Mwezi huo huo Serikali ikachapisha Kanuni za Masoko ya Kaboni za mwaka 2024, zinazofafanua jinsi ya kutekeleza marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yaliyotiwa saini Septemba 2023. Sheria ya kwanza inamwuliza kiongozi: shirika lako ni la nani na linaendeshwaje? Ya pili inamwuliza: fedha zitokanazo na miti zinakwenda wapi?

Maswali hayo hayakuandikwa kwa ajili ya kijiji kimoja. Hata hivyo, anayetaka kuona jinsi yanavyomfikia kiongozi wa kawaida, asiye na jopo la mawakili nyuma yake, aitazame Gazi.

Gazi ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Pamoja na jirani yake Makongeni, kinaendesha Mikoko Pamoja, mradi wa kijamii ulioanza mwaka 2013 na unaotambuliwa kuwa miongoni mwa ya kwanza duniani kugharimia uhifadhi wa mikoko kwa kuuza kredi za kaboni. Eneo lake ni hekta 117, sehemu kubwa ikiwa msitu wa asili na sehemu ndogo ikiwa miti iliyopandwa kwa mkono. Kila kredi inawakilisha tani moja ya hewa ukaa iliyozuiliwa au kufyonzwa, na mradi huuza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Mwaka 2017 ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi, na aghalabu husimuliwa kana kwamba miti ndiyo iliyofanya kazi yote. Lisilosimuliwa sana ni uongozi: nani anasema hapana, kwa mamlaka gani, na anamjibu nani siku fedha zinapoulizwa.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba msitu si mali ya wanaoulinda. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na Katiba ya mwaka 2010 inaihesabu misitu ya serikali, pamoja na ardhi yote iliyo kati ya upeo wa maji kujaa na upeo wa maji kupwa, kuwa ardhi ya umma. Wanakijiji wameingia kupitia mlango uliofunguliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, kisha ukapanuliwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Sheria hizo zinaruhusu jamii kuunda chama cha misitu na kutia saini mkataba wa usimamizi wa pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, yaani KFS. Kwa Gazi, chama hicho ni kile cha Gogoni-Gazi. Mikoko Pamoja inasimama juu ya mkataba huo. Mkataba ukiyumba, kredi nazo zinayumba.

Hali hiyo humweka kiongozi mahali pagumu. Ana dhamana ya msitu lakini hana hatimiliki yake. Walinzi wa kijiji huzunguka na kutazama, lakini kumkamata mkataji na kumfikisha mahakamani ni kazi ya KFS. Anachoweza kiongozi ni kumsihi mwenye shoka, kuandika taarifa na kumpigia simu askari wa misitu. Na mara nyingi mwenye shoka si mgeni kutoka mbali. Ni jirani, pengine ni shemeji, na sababu yake si tamaa bali ni paa linalovuja.

Ndiyo maana suala la boriti haliwezi kuepukwa katika mazungumzo yoyote ya kweli kuhusu uhifadhi wa Pwani. Mkoko, mkandaa na msinzi hutoa fito, pau na boriti ambazo nyumba za uswahilini zimejengwa kwazo kwa karne nyingi. Majahazi yalizipeleka hadi nchi za Kiarabu mpaka Serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Kuni za mkoko huwaka kwa moto mkali unaodumu. Mlilana ulitoa mataruma ya mashua. Kwa mtu aliyekulia humo, katazo la kukata ni katazo la kutumia ghala la nyumbani. Kiongozi anayetoa katazo hilo bila kuonyesha mbadala atasikilizwa mchana na kupuuzwa usiku.

Mbadala uliochaguliwa Gazi ni mvinje. Mpango wa mradi tangu mwanzo ulijumuisha kupanda mivinje nchi kavu ili watu wapate nguzo na kuni bila kuingia mikokoni. Hapa pana hesabu nyingine isiyoonekana kwenye picha za sherehe. Ghuba ya Gazi ina takriban hekta 600 za mikoko, na mradi unalinda hekta 117 tu. Ikiwa mkataji aliyefukuzwa ndani ya mpaka wa mradi atahamia upande wa pili wa mkondo, bahari haikupata faida yoyote. Wakaguzi wa kaboni huuliza jambo hili, na wana haki ya kuuliza. Jibu la kiongozi haliwezi kuwa ripoti pekee. Lazima pawe na miti mingine iliyosimama mahali pengine.

Subira hiyo haikuanza na kaboni. Miaka ya 1970, mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, na baadhi ya maeneo yakabaki tope tupu lisiloweza kuota tena lenyewe. Mapema miaka ya 1990, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ikiwa na watafiti kama Dkt. James Kairo, ilianza kupanda upya kwa kushirikiana na wanakijiji. Kikundi cha wanawake wa Gazi nacho kilikuwa kimejenga njia ya mbao ndani ya msitu ili wageni watembee na kulipia. Kredi ya kwanza ilipouzwa, watu walikuwa wamefanya kazi pamoja kwenye tope lile lile kwa karibu miaka 20. Kaunti na mashirika yanayotamani kuiga Gazi huanza kusoma kuanzia mwaka 2013. Wanasoma kitabu kutoka katikati.

Kisha ziko fedha, na hapa takwimu zinasema kuliko sifa. Katika miaka ya mwanzo, mauzo yalileta kati ya dola 12,000 na 15,000 za Marekani kwa mwaka. Vijiji hivyo viwili vina wakazi zaidi ya 5,000. Fedha zote zingegawiwa bila kulipia ulinzi wala vipimo, kila mtu angepata chini ya dola 3 kwa mwaka mzima. Kiasi hicho hakimwondoi mtu katika umaskini, na hakimzuii kukata mti mmoja. Uamuzi wa kutogawa fedha taslimu, bali kuzikusanya na kuzielekeza kwenye maji, vitabu vya shule na ukarabati wa madarasa, kwa vipaumbele vinavyojadiliwa na wanakijiji katika mikutano ya hadhara, ndio pengine uamuzi mkubwa kuliko yote yaliyofanywa na uongozi wa mradi. Bomba la maji linaonekana na kila mtu. Hata asiyeweza kusoma taarifa ya hesabu anaweza kulikagua kwa ndoo.

Uamuzi huo una upande wake mchungu. Maji yakishatoka bombani huwa ni maji tu. Baada ya miaka michache, kijana aliyekuwa mtoto mradi ulipoanza hakumbuki yalitoka wapi. Kiongozi analazimika kueleza upya, mwaka hadi mwaka, kwamba bomba lile ni msitu ule. Kazi hii ya kueleza haina bajeti katika ripoti yoyote, nayo huchukua jioni nyingi za watu ambao wengi wao wanajitolea.

Kiongozi wa Gazi pia hakai sokoni mwenyewe. Kredi huuzwa kupitia ACES, shirika la hisani lililosajiliwa Scotland, na mradi huthibitishwa chini ya kiwango cha Plan Vivo, ambacho hudai taarifa za kila mwaka. Mpangilio huo umewapunguzia wanakijiji gharama za kutafuta wanunuzi na umewapa mlango wa soko ambalo wasingelifikia peke yao. Lakini una maana kwamba mapato ya kijiji hutegemea bei zinazoamuliwa mbali sana na Kwale.

Sheria mpya za Kenya zimeingia katikati ya mpangilio huu. Marekebisho ya mwaka 2023 yanataka kila mradi wa kaboni ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii utekelezwe kwa mkataba wa maendeleo ya jamii, huku Serikali ya Kitaifa na ya Kaunti zikisimamia majadiliano yake. Kwa miradi ya ardhini, jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kuondoa gharama za uendeshaji. Kwa miradi isiyo ya ardhini, angalau asilimia 25. Kila mradi ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Miradi na mikataba yake iingizwe kwenye sajili ya kitaifa ya kaboni, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ndiyo iliyopewa jukumu la usimamizi wa kitaifa.

Sababu za sheria hiyo zinaeleweka, na ni za haki. Katika miaka iliyotangulia, kampuni zilizotaka kuuza kaboni zilikuwa zikiingia mikataba mikubwa na jamii, hasa katika nyanda za malisho, bila Serikali kuwa na kipimo cha kusema mgao gani ni wa haki na upi ni wa kudhulumu. Raia sasa ana mahali pa kushika. Anaweza kuuliza mkataba uko wapi, asilimia ni ngapi, na nani alitia saini kwa niaba yake.

Ugumu unaanza pale kipimo kilichokatwa kwa ajili ya kampuni kubwa kinapovalishwa kikundi cha kijiji. Huko Gazi, jamii ndiyo inayoendesha mradi. Hakuna mwekezaji wa nje wa kugawana naye kwa maana ile ambayo sheria inaelekea kuiwazia. Asilimia 40 ni sakafu, si dari. Mradi wa aina hii unapaswa kuwapa wanakijiji zaidi ya hapo, na kiongozi mwenye busara ataisoma sheria hivyo. Lakini si kila kiongozi ni mwenye busara, na mahali pengine kiwango cha chini kinaweza kugeuzwa kuwa kisingizio: sheria imesema 40, tumetoa 40, shukuruni. Wananchi wanaosoma matangazo ya Serikali kuhusu asilimia hizi wanafaa kuuliza pia kuhusu maneno mengine yaliyo katika kifungu hicho, yaani gharama za uendeshaji. Humo ndimo mgao unapoweza kupungua kimya kimya, kabla hata hesabu ya asilimia haijaanza.

Upande wa adhabu nao unastahili kutazamwa. Kutoa taarifa za uongo kuhusu faida za mradi wa kaboni, au kuchezea vipimo ili kudai zaidi, ni kosa linaloweza kuleta faini ya hadi shilingi milioni 500, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni ya kimataifa, hilo ni onyo linalostahili. Kwa mweka hazina wa kikundi cha kijiji, anayeandika vipenyo vya miti kwenye daftari lililolowa chumvi, ni jambo la kumkosesha usingizi. Sheria inalenga mwenye kudanganya kwa makusudi, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo mwenye kukosea anahitaji mtu wa kumsahihisha mapema, kabla kosa halijafika kwenye ripoti. Kwa Gazi, KMFRI imekuwa mtu huyo kwa miaka mingi. Vikundi vipya vingi havina taasisi ya utafiti iliyo na kituo kijijini mwao.

Hapa ndipo Serikali ina deni. Tathmini ya athari kwa mradi wa hekta 117 ambao kazi yake ni kutokata miti haiwezi kudai muda na fedha sawa na mradi wa maelfu ya hekta. Endapo utaratibu hautakuwa na njia nyepesi kwa miradi midogo inayoendeshwa na jamii zenyewe, matokeo yatakuwa kinyume cha nia ya sheria: wadogo watashindwa na gharama za makaratasi, na msitu utabaki kwa wale wale ambao sheria ilitungwa kuwadhibiti.

Kuhusu usajili, mkanganyiko mwingi unaweza kuondolewa kwa maelezo machache. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma inayahusu mashirika yaliyokuwa yakiitwa yasiyo ya kiserikali, ambayo mengi huja vijijini kama wafadhili na washauri. Vikundi vya kijamii vina sheria yao, ile ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022. Chama cha misitu nacho kinatambuliwa chini ya sheria ya misitu. Hivyo kiongozi mmoja wa kijiji anaweza kujikuta akikaa kwenye meza tatu, kila moja ikiwa na daftari lake la wanachama na taarifa zake za mwaka. Asiyetofautisha meza hizo anaweza kuidhinisha kwa niaba ya kikundi jambo ambalo ni la chama, na mkataba wa aina hiyo ukipingwa mahakamani, wa kwanza kuumia ni wanakijiji.

Yapo pia maagizo yanayotoka upande wa upandaji miti. Kampeni ya kitaifa ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 imeleta makundi mengi ufukweni yakiwa na miche ya mkoko, ambao ni rahisi kupandwa kwa kuuchomeka tu kwenye tope. Ari hiyo ni ya kupongezwa, ila mikoko ina safu zake. Mlilana hutazama bahari, mkoko hufuata kandokando ya mikondo, mkandaa na mchu hukaa nyuma kuelekea nchi kavu. Mche wa mkoko uliochomekwa mbele kabisa, mahali pa mlilana, hupigwa na mawimbi na kufa baada ya wageni kuondoka. Kiongozi wa kijiji anajua hivyo. Kumwambia mgeni mwenye cheo kwamba hapo si pahali pake ni mtihani wa uongozi usio mdogo kuliko kumzuia mwenye shoka.

Uzito wa yote haya unaonekana zaidi ukitazama nchi nzima. Mpango wa Kitaifa wa Usimamizi wa Mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027 unakadiria kuwa Kenya ina hekta 61,271 za mikoko, zaidi ya nusu zikiwa Lamu, na kwamba kati ya katikati ya miaka ya 1980 na mwisho wa muongo wa 2000 nchi ilipoteza takriban hekta 450 kila mwaka. Eneo la Mikoko Pamoja halifiki asilimia 0.2 ya jumla hiyo. Kusini zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vimefuata njia hiyo hiyo kwa eneo la hekta 460. Hata ukijumlisha miradi yote miwili, haifikii asilimia moja. Nayo haiwezi kujilinda na yanayotoka juu: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipomwaga udongo katika mkondo wa Mwache, Mombasa, mikoko ilifunikwa mizizi na kufa katika eneo kubwa, pasipo shoka lolote kuinuliwa.

Kwa Gazi, saa inayohesabika ni ya mkataba wa mradi. Kipindi cha kredi ni cha miaka 20, hivyo kinakwisha mwaka 2033. Ili uendelee, viongozi wa wakati huo watahitaji mkataba hai na KFS, mkataba wa maendeleo ya jamii uliosajiliwa, tathmini iliyoidhinishwa na vipimo vya miti visivyokatika hata mwaka mmoja. Viongozi hao huchaguliwa na wanakijiji, na baadhi ya watakaoketi kwenye viti hivyo mwaka 2033 hivi sasa bado wako darasani. Maandalizi ya hati peke yake, kwa mwendo wa ofisi za umma unaofahamika, ni kazi ya miaka kadhaa, na sehemu yake ya kwanza ni ya mezani kwa maofisa wa Kwale na Nairobi, si ya wanakijiji.